Mahindi, Mpunga, Mtama au Uwele: Kuchagua Nafaka kwa Konde Lenye Chumvi kati ya Malindi na Lamu

Makala haya yanamlenga mkulima ambaye konde lake liko mahali ambapo chumvi haiwezi kupuuzwa: nyuma ya mikoko ya Ngomeni, karibu na mlango wa Mto Sabaki, katika mabonde ya Gongoni, upande wa Ozi na Kipini ambako maji ya bahari huupanda Mto Tana, au katika kisiwa cha Lamu, ambako kisima kikichimbwa kina kirefu kupita kiasi huyavuka maji baridi yaliyo juu na kuyafikia ya chumvi yaliyo chini. Mkulima huyo kwa kawaida huwa na nafaka nne mbele yake, nazo ni mahindi, mpunga, mtama na uwele. Shayiri inazizidi zote kwa kustahimili chumvi, na ngano imechunguzwa kuliko nyingi katika jambo hili, lakini hizo ni nafaka za nyanda za baridi kama Narok na hazina nafasi katika joto la pwani, kwa hiyo sitazilinganisha hapa.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtu atafute zao linalostahimili chumvi, basi. Naona ushauri huo haujakamilika. Nafaka mbili zinaweza kupata hasara inayolingana gunia kwa gunia na hali kila moja imeumizwa mahali tofauti: moja imepoteza majani, nyingine imepoteza machipukizi. Mkulima anayejua zao lake hupoteza nini, na lini, ana nafasi ya kulisaidia. Asiyejua atamwaga mbolea mahali ambapo mbolea haina la kufanya.

Tutakavyolinganisha

Nitazipima nafaka zote nne kwa mambo matano: jani linavyokua chumvi ikiwapo, machipukizi yanayotoka na yanayozaa, umri ambao mmea ni dhaifu zaidi, udongo na maji yanayofaa, na mwisho matumizi yake nyumbani, pamoja na ndege na mifugo.

Kipimo kinachotumika kwa chumvi ya udongo ni uwezo wa maji ya udongo kupitisha umeme, nacho huandikwa kwa desisimensi kwa mita, kwa kifupi dS/m. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukifika 4 dS/m, na maji ya bahari hukaribia 50. Majedwali yaliyoanzishwa na watafiti Maas na Hoffman mwaka 1977 na kuongezewa baadaye, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mashauri mengi, yanaonyesha kwamba mahindi huanza kupoteza mavuno baada ya 1.7 dS/m, mpunga baada ya 3.0, na mtama baada ya 6.8. Kwa hesabu ya majedwali hayohayo, mahindi hufikia nusu ya mavuno karibu na 5.9, mpunga karibu na 7.2, na mtama karibu na 9.9. Uwele hukaa jirani na mtama, ila mbegu zake hutofautiana sana. Namba hizi ni za mimea iliyopata maji na mbolea ya kutosha, kwa hiyo zichukuliwe kama mwongozo wa kulinganisha, si ahadi ya mavuno.

Chumvi inavyoufikia mmea

Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili ambazo hazifiki pamoja. Ya kwanza ni kiu. Udongo unaweza kuwa chepechepe, lakini chumvi iliyoyeyuka huyashikilia maji, na mizizi hushindwa kuyavuta kwa kasi inayotakiwa. Mmea ukikutwa na chumvi ghafla, jani linalokua hupunguza mwendo katika dakika chache tu, hata kabla sodiamu yenyewe haijaingia kwa kiasi cha kuumiza. Hupata nafuu kiasi baadaye, lakini haurudii kasi yake ya awali. Ya pili ni sumu. Sodiamu hupanda pamoja na maji mpaka kwenye majani, maji huvukizwa, nayo hubaki na kurundikana siku baada ya siku. Ndiyo maana jani kuukuu la chini, ambalo limepitisha maji kwa muda mrefu zaidi, ndilo linaloanza kuungua ncha, na kijani cha juu bado kinameta.

Jani la nafaka hukua kutoka chini. Chukua mche wa mpunga wenye majani matatu, uuchambue kwa kucha ala moja baada ya nyingine, na utafika kwenye kipande kifupi cheupe, laini, kilichofunikwa na ala zote. Hapo ndipo seli zinapogawanyika na kurefuka. Ubavu wa kijani unaouona nje umekwisha kukua na hautaongezeka tena. Chumvi inapokipunguza mwendo kipande hicho, jani hutokea likiwa fupi na jembamba, na litabaki hivyo hata mvua ikinyesha kesho yake na kuosha udongo wote. Nafuu ya mvua huonekana katika jani linalofuata.

Machipukizi nayo yamefungwa na majani. Kila jani lina jicho lake, pale ala inaposhikana na shina, na jicho hilo ndilo linaloweza kuwa chipukizi. Katika mpunga mpangilio huu ni wa saa kabisa: jani la tano linapochomoza, ndipo chipukizi la jani la pili linapotoka, na jani la sita huenda na chipukizi la jani la tatu. Chumvi ikichelewesha majani, basi, imechelewesha machipukizi vilevile. Na chipukizi lililochelewa hunyimwa mwanga na chakula na wenzake waliotangulia, likanyauka bila suke au likatoa suke la pepe.

Jani

Mahindi ndiyo yanayoonyesha madhara haya mapema kuliko yote. Mizizi yake ina uwezo fulani wa kuizuia sodiamu isipande, kwa hiyo majani hayaungui upesi kama mtu angetarajia, lakini kasi ya kukua hushuka kwenye chumvi ndogo mno. Mkulima huona shamba la kijani kilichokolea, fupi, lenye majani membamba, akadhani limekosa mbolea ya chumvichumvi, akaiongeza, nayo mbolea hiyo ikaongeza chumvi kwenye maji ya udongo. Konde fupi lenye kijani kilichokolea lipimwe udongo kwanza.

Mpunga una kasoro tofauti. Sehemu ya sodiamu huingia kwa kupenya katika nafasi zilizo kati ya seli za mzizi, bila kupita kwenye ukaguzi wowote, na hivyo kadiri hewa inavyokuwa kavu na upepo mkali, ndivyo majani yanavyovuta sodiamu zaidi. Ncha hugeuka nyeupe, majani hujikunja kama sigara, kisha hukauka kuanzia chini. IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, hupima jambo hili kwa alama za 1 hadi 9, na mkulima anaweza kuzitumia kwa macho tu: alama 1 ni mmea unaokua na kutoa machipukizi kama kawaida; 3 ni ncha chache nyeupe na majani machache yaliyojikunja; 5 ni ukuaji uliodumaa sana, majani mengi yamejikunja na machache tu yanarefuka; 7 ni ukuaji uliosimama na majani mengi makavu; 9 ni mche uliokufa au unaokaribia kufa. Mpunga wenye alama 5 bado unaweza kuokolewa kwa maji baridi. Ukifika 7, afadhali kufikiria kupanda upya.

Mtama huitega sodiamu katika mizizi na sehemu ya chini ya shina, hivyo jani lake hubaki safi kwa muda mrefu. Jani hupungua ukubwa, ndiyo, lakini huendelea kufanya kazi. Uwele hufanya karibu hivyo, hasa mbegu zile zinazoweza kuihifadhi potasiamu katika majani wakati sodiamu inapozidi.

Machipukizi

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mahindi tunayopanda pwani ni zao la shina moja. Aina kama Pwani Hybrid 1, Pwani Hybrid 4 na Coast Composite hubeba mavuno yake katika shina kuu, na vichipukizi vinavyotokea pembeni kwa kawaida havina gunzi la maana. Maana yake ni kwamba mahindi hayana akiba. Shina likidumaa katika wiki za mwanzo, hakuna chipukizi la kuja kulipa deni hilo baadaye. Wapo wanaojaribu kufidia kwa kupanda mashimo ya karibu zaidi. Hilo linaweza kusaidia pale ambapo miche mingi hufa, lakini mahali ambapo miche yote huishi ikidumaa, kubanana huongeza kugombania maji ambayo tayari ni magumu kuyavuta.

Mpunga uko upande wa pili kabisa. Mavuno yake hujengwa na idadi ya masuke kwa kila eneo, na masuke hayo mengi hutoka kwenye machipukizi. Chumvi ikifika wakati wa kuchipua, shina mama linaweza kusalimika huku machipukizi ya kwanza yakikosa kutoka, na mkulima akaliona konde lake bado la kijani asijue kwamba amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Dawa inayofahamika ni kupandikiza miche iliyokomaa kidogo, ya wiki nne hadi tano badala ya miche michanga, na kuweka miche mitatu au minne katika kila shimo na kuyakaribisha mashimo, ili masuke yatoke kwenye mashina mama mengi badala ya kutegemea machipukizi ambayo huenda yasije. Njia hii hugharimu mbegu zaidi na kitalu kikubwa zaidi. Kwa konde lenye chumvi, naona gharama hiyo ina faida.

Mtama hutegemea mbegu. Zipo zinazotoa machipukizi mawili matatu na zipo zinazokaa na shina moja tu kama mahindi. Chumvi hupunguza machipukizi hayo, lakini kwa kuwa shina kuu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya nafaka, hasara haiwi ya ghafla. Isitoshe, mtama una jambo ambalo mahindi hayana: ukikatwa baada ya kuvuna, huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na maotea hayo hutoa zao la pili mvua ikiendelea au unyevu ukibaki.

Uwele ndio mkarimu kuliko wote. Huchipua sana, tena machipukizi yake hayatoki kwa pamoja. Mengine huanza wakati shina kuu limekwisha kutoa suke. Chumvi ikilishambulia shina kuu mwezi wa kwanza, kisha mvua ikaja kuiosha, machipukizi ya baadaye yanaweza kurudisha sehemu nzuri ya kilichopotea. Upande wa pili wa tabia hiyo ni kwamba masuke hayaivi siku moja. Mvunaji hulazimika kupita konde zaidi ya mara moja, na yanayotangulia kuiva huwa yamekwisha kuliwa na ndege.

Umri wa mmea chumvi inapofika

Mpunga huota vizuri hata kwenye chumvi kiasi, kisha huwa dhaifu mno katika wiki ya kwanza hadi ya tatu, ukipata majani mawili au matatu. Baadaye hujikaza kidogo wakati wa kuchipua, na hudhoofika tena suke linapoanza kuumbika ndani ya shina na wakati wa kuchanua, ambapo chumvi huleta pepe. Mahindi nayo huota vizuri kuliko yanavyokua, na udhaifu wake mkubwa ni wa miche. Yakishatoa mbelewele, huvumilia maji ambayo yangeyaua yakiwa machanga. Mtama huumia zaidi wakati wa kukuza majani na mwanzoni mwa kuumba suke, kisha hustahimili sana wakati wa kujaza punje. Uwele huteseka zaidi katika kuota na wiki za mwanzo.

Kwa pwani yetu, jambo hili linahusu kalenda. Katika kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua kali huvuta maji ya chini kuja juu na kuacha ukoko mweupe. Wakati huohuo mito hupungua na bahari hupanda ndani zaidi, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Mvua ya kwanza ya masika haioshi chumvi hiyo mara moja. Huiyeyusha na kuipeleka pale mbegu ilipo. Anayepanda na tone la kwanza anaiweka miche yake katika maji makali kuliko yote ya msimu. Katika konde lenye ukoko, kusubiri mvua mbili tatu nzito ni jambo la busara kwa nafaka zote nne, na kwa mahindi ni la lazima.

Udongo na maji

Mpunga una fursa ambayo nyingine hazina, nayo ni kusimama majini. Maji baridi yaliyotuama huisukuma chumvi chini na kuizuia isipande, mradi yawepo maji hayo. Katika eneo la Ozi wakulima wamekuwa wakitegemea bamvua kuyasukuma maji ya mto, yaliyo mepesi na baridi, yaingie katika majaruba. Utaratibu huo unategemea mto wenye nguvu. Mto ukidhoofika, bamvua ileile huleta maji ya bahari, na zao linalopenda maji huwa ndilo linaloyapokea mengi zaidi. Ukuta wa jaruba na mlango unaofungika vizuri ni muhimu kuliko mbegu.

Mahindi na uwele hutaka udongo usiotuamisha maji. Kwenye matuta, chumvi hupanda na kukusanyika kileleni, kwa hiyo mbegu ipandwe ubavuni mwa tuta, si juu yake. Mtama huvumilia udongo mzito wa mfinyanzi na hata maji kutuama kwa siku chache. Uwele hupenda mchanga kama ule wa Hindi, kule Lamu, na huchukia kutuamiwa. Udongo unaogeuka mgumu kama sakafu ukikauka na kuteleza ukilowa huenda una sodiamu nyingi kuliko chumvi ya kawaida. Huo huhitaji jasi pamoja na maji ya kuuosha, na majivu ya jikoni yasitumike hapo, kwani huzidisha magadi.

Kuhusu visima, maji yanayonyweka na mbuzi si lazima yafae mahindi. Mbuzi huvumilia chumvi nyingi kuliko mche. Maji yakiwa na chumvi kiasi, yamwagwe mizizini, yasirushwe juu ya majani, kwa sababu jani hunyonya sodiamu moja kwa moja na kuungua.

Nyumbani, ndege na mifugo

Mahindi yanapendwa, yanauzika, na kila kijiji kina kinu chake. Mchele hauhitaji kutetewa Lamu wala Malindi. Mtama na uwele huonekana kuwa chakula cha zamani, na soko lake ni dogo. Ndege ni adui mkubwa wa hizi mbili: mtama mweupe kama Gadam huwavutia kweleakwelea, na ule wa kahawia kama Serena huwapungukia hamu kwa ukakasi wake. Kwa wenye mifugo, ipo tahadhari isiyopaswa kusahauliwa. Mtama mchanga uliodumaa, na maotea yake mafupi, huwa na sumu ya sianidi inayoweza kumwua ng'ombe. Uwele hauna sumu hiyo, na kwa malisho ya kijani ni salama zaidi kwa upande huo.

Kwa hali yako

Ikiwa udongo wako umepimwa na uko chini ya 2 dS/m, na kisima chako ni cha maji baridi, panda mahindi bila wasiwasi, ukiepuka tu kuyapanda na mvua ya kwanza.

Ikiwa uko kati ya 2 na 4, mahindi bado yanawezekana kwa anayekubali kupungukiwa magunia ili apate unga anaoupenda na soko alilolizoea. Mwenye familia inayotegemea konde hilo pekee afadhali aligawe, sehemu mahindi na sehemu mtama.

Ikiwa una jaruba linaloweza kufungwa na maji baridi ya uhakika kwa wiki tatu za kwanza baada ya kupandikiza na tena wakati wa kuchanua, mpunga utakufaa hata kama konde huwa na chumvi kati ya vipindi hivyo. Tafuta mbegu zinazostahimili. Nyingi za kisasa zimerithi uwezo huo kutoka Pokkali, mpunga wa kale wa Kerala, Uhindi. Ikiwa huna uhakika wa maji katika vipindi hivyo viwili, mpunga ni bahati nasibu.

Ikiwa udongo ni mfinyanzi mzito, chumvi iko kati ya 4 na 7, na wapo watoto au vijana wa kuwinga ndege, mtama ndio unaofaa. Kama hakuna wa kuwinga, chagua wa kahawia, na ng'ombe wasiingizwe kwenye maotea kabla hayajarefuka na kukomaa.

Ikiwa ni mchanga, mvua haitabiriki, na chumvi huja na kuondoka katika msimu mmoja, uwele utakupa nafasi ya pili kwa machipukizi yake, mradi uwe tayari kuvuna kwa awamu.

Na ikiwa kipimo kinapita 8 katika udongo wa juu mwezi mmoja baada ya masika kuanza, hakuna kati ya hizi nne itakayolipa jasho lako mwaka huu. Konde hilo lijengewe kuta, lishikilie mvua na kuoshwa, huku likiwa chini ya nyasi za malisho, na lipimwe tena kabla ya vuli.